Unapopiga gitaa la nailoni Gisenyi, usidanganywe na wati

UKITEMBEA kando ya Ziwa Kivu jioni ya Jumamosi, kutoka mpaka mkubwa kuelekea kusini, upande wa kiwanda cha bia cha Bralirwa, hukosi kukuta bustani mbili tatu zenye mwimbaji na gitaa. Si bendi. Ni mtu mmoja au wawili, kiti kirefu, maikrofoni moja, na watu 30 au 40 wanaokula sambaza na kuzungumza. Hiyo ndiyo kazi ya muziki iliyopo kwa wengi wetu hapa mjini, na malipo yake ni ya siku. Mwenye hoteli akiona wageni hawasikii kitu, au wakisikia mluzi unaowatoboa masikio, Jumamosi inayofuata anamwita mpiga kinanda, au anafungua muziki wa simu ambao haudai posho.

Nimo katika kazi hiyo kwa miaka kadhaa sasa. Swali ninaloulizwa zaidi ya yote na wenzangu, hasa waliorejea kutoka ng'ambo, ni hili: nina gitaa la nyuzi za nailoni, ninunue mashine gani ili lisikike? Wafanyabiashara wa mpakani nao wananiuliza kwa upande wao: tulete mashine gani ambayo haitarudishwa mezani kwetu baada ya wiki moja?

Jibu langu la kwanza huwa haliwafurahishi. Kabla ya kuuliza mashine, uliza kwanza sauti inatokaje ndani ya gitaa.

Gitaa kavu walilokulia wazee wetu wa pande hizi lilikuwa la nyuzi za chuma. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, alipiga chuma, na mtindo wake wa kidole gumba na cha shahada ulivuka mipaka hadi Kenya. Chuma kina makali. Kinapenya kelele za baa kama kisu. Nailoni wengi wetu tuliiona kwanza kwa mapadri na masista, kisha ikaja katika mizigo ya waliorejea kutoka Ubelgiji na Canada. Sauti yake ni ya duara na ya upole, na inafaa sana kusindikiza mwimbaji. Lakini ni sauti ndogo. Seti ya nyuzi za chuma hulivuta gitaa kwa nguvu ya kilo 70 au zaidi. Za nailoni hulivuta kwa kilo 40 hivi. Nguvu ndogo, mlio mdogo.

Nje, bila kuta za kurudisha sauti, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti inapungua kwa desibeli 6. Anayekaa mita 8 kutoka kwako anasikia desibeli 18 pungufu kuliko aliye mita 1. Meza ya nne kutoka kwako tayari inasikia mazungumzo yake yenyewe tu.

Sumaku haiijui nailoni

Pikapu ninayoisema hapa si gari la kubebea viazi. Ni kifaa kidogo kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme. Katika gitaa la umeme, pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma ukicheza juu yake unaitikisa nguvu ya sumaku, na umeme unazaliwa. Nailoni haimo katika mchezo huo. Hata zile nyuzi tatu nene za besi, zinazong'aa kama chuma, ndani ni nyuzinyuzi za nailoni na nje ni waya wa shaba uliopakwa fedha. Shaba haishikwi na sumaku.

Kwa hiyo zile pikapu za kubana kwenye tundu la gitaa, zinazouzwa zikiwa na picha nzuri ya gitaa kavu kwenye boksi, ukizifunga kwenye nailoni unapata kimya. Mama mmoja anayeuza vifaa vya umeme karibu na mpaka mdogo alirudishiwa tatu kwa siku moja.

"Kaka, vitu vyangu ni vizima," aliniambia, "hao vijana wananionea."

Tulizijaribu kwenye gitaa la chuma la jirani yake, na zote tatu zililia vizuri. Tangu hapo kabla ya kuuza anamwambia mteja alete gitaa, naye anazishika nyuzi tatu za chini kwa vidole vyake. Zikiwa plastiki tupu, hauzi. Wafanyabiashara wenzake wangefanya hivyo wangepunguza ugomvi mwingi.

Kinachofaa kwenye nailoni ni piezo. Hii ni aina ya kioo au udongo uliochomwa ambao ukibanwa unatoa umeme. Ndiyo inayotoa cheche katika kiberiti cha gesi, na ndiyo inayolia katika saa ya mkononi. Kwenye gitaa inakuja kwa sura mbili. Ya kwanza ni utepe mwembamba unaolazwa chini ya kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi pale darajani. Magitaa mengi ya kiwandani yenye tundu la waya ubavuni yana utepe huo: Takamine, Yamaha, Godin na wengine. Gibson nao walitoa mwaka 1982 gitaa la nailoni la Chet Atkins ambalo mwili wake hauna tundu kabisa, na ndiyo maana halikupiga mluzi hata jukwaani penye makelele. Sura ya pili ni vidonge vya duara vinavyobandikwa kwa ndani, chini ya daraja. Hivi vya pili vinaweza kuwa vya kampuni kubwa kwa bei ya kampuni kubwa, au kidonge cha shaba cha milimita 27 ambacho fundi redio yeyote wa Mbugangari au wa Birere, kule Goma, anakitoa katika king'ora kibovu.

Usikidharau hicho cha king'ora. Nimekisikia kikilia vizuri kuliko utepe wa gitaa jipya la dukani. Utepe una tabia ya kutoa sauti kavu, yenye "kwa-kwa" ya plastiki unapopiga kwa nguvu, kwa sababu unabanwa na uzi moja kwa moja. Kidonge kilichobandikwa kwenye ubao kinasikia ubao, na ubao ndio gitaa. Kasoro yake ni kwamba kinasikia pia mkono wako ukigusa gitaa, kifungo cha shati, na spika iliyo mbele yako.

Lakini hapa ndipo sauti nyingi zinapoharibika, na ndipo fedha nyingi zinapotupwa. Mtu anabandika kidonge, anachomeka waya moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisa au ya hoteli, anasikia sauti nyembamba kama ya kopo, kisha anasema pikapu ni mbovu. Pikapu si mbovu. Umeme wa piezo ni dhaifu na haupendi kubanwa. Mlango wa kawaida wa mikisa una ukinzani wa kiasi cha omu 10,000. Kidonge cha nanofaradi 20 kikikutana na mlango huo, sauti zote zilizo chini ya hezi 800 hivi zinaanza kufifia. Sasa uzi mwembamba kuliko yote, ukipigwa wazi, unalia hezi 330, na ule mnene kuliko yote unalia hezi 82. Maana yake nyuzi zote sita zimebaki nje ya mlango, na kilichoingia ndani ni mikwaruzo ya kucha.

Kidonge hichohicho kikikutana na ukinzani wa omu milioni 1, besi yote inapita. Ule utepe wa chini ya mfupa unataka hata milioni 10. Ndiyo maana kinahitajika kisanduku katikati, yaani priampu, au kile kiitwacho kisanduku cha DI. Kuna DI za aina mbili na bei zake hazifanani. Isiyo na betri wala umeme haina faida kwa piezo, maana ukinzani wake bado ni mdogo. Inayotumia betri ya volti 9, au umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, ndiyo yenyewe. Wanaoagiza kutoka nje wanaijua Para DI ya LR Baggs, yenye ukinzani wa omu milioni 10 na vitufe vya kupunguza mluzi. Wasio na uwezo huo waangalie kama gitaa lao lina betri ndani. Likiwa nayo, priampu imo tayari, na fedha ya DI ibaki mfukoni. Tena betri hiyo ibadilishwe kabla haijaisha. Ikichoka sauti inaanza kukwaruza katikati ya wimbo, na mteja anafikiri ni wewe.

Faida nyingine ya DI haionekani mpaka siku unapopewa meza iliyo mbali na jukwaa. Waya wa kawaida wa gitaa ukizidi mita 5 au 6 unaanza kula trebo na kuokota mivumo ya taa na friji. Ukitoka kwenye DI kwa waya wa pini tatu unaweza kwenda mita 30 bila wasiwasi.

Maikrofoni na upepo wa ziwani

Wapo wanaosema sauti ya kweli ya nailoni hutoka kwa maikrofoni tu. Ni kweli, na studioni sibishani nao. Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965 na bado inauzwa kwa karibu dola 100, itakupa gitaa lenye mbao na pumzi. Iweke sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye gitaa, ikielekea pale shingo inapoungana na mwili. Usiielekeze kwenye tundu, maana hapo panatoka mvumo mwingi usio na muziki. Za kondensa husikia zaidi ya hapo, lakini zinataka volti 48 na zinasikia hadi sahani za jikoni.

Tatizo ni bustani zetu. Jioni upepo unatoka ziwani na kuingia ndani ya maikrofoni kwa mvumo kama wa lori. Sponji inasaidia kidogo. Halafu mpiga gitaa akisogea kwa sentimita 10 tu kumtazama mgeni aliyeingia, sauti imekwenda. Kwa chumba kidogo chenye wasikilizaji walionyamaza, kama mkutano wa wasomi au Misa ya watu wachache, natumia maikrofoni peke yake. Kwa bustani yenye bia, piezo ndiyo nguzo, na maikrofoni iwe ya mdomo tu.

Wati za kwenye boksi

Sasa tuje kwenye mashine, maana hapo ndipo msomaji wa mpakani ananisubiri.

Spika za plastiki zenye taa za rangi, magurudumu na tundu la kadi ya kumbukumbu zimejaa pande zote mbili za mpaka. Kule ng'ambo wanaziita bafle. Kwenye boksi pameandikwa wati 5,000, hata 10,000, na kando yake herufi nne ndogo: PMPO. Herufi hizo hazina kipimo chochote kinachokubalika popote. Kila kiwanda kinajihesabia kinavyopenda. Kinachotafutwa ni neno RMS, au wati za kudumu, na njia rahisi ya kumkamata mwongo ni kugeuza mashine na kusoma kibandiko cha nyuma kinachosema inakula umeme kiasi gani. Mashine inayokula wati 60 kutoka ukutani haiwezi kutoa 5,000 kwenye spika. Haijatokea hapa duniani.

Tena hata wati za kweli hazifanyi kazi jinsi wengi wanavyofikiri. Ukiongeza wati maradufu, unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo mgeni anayekula samaki hataigundua. Ili sikio liseme "imekuwa mara mbili", unahitaji wati mara kumi. Muhimu zaidi ni wepesi wa spika yenyewe kuitika. Spika inayotoa desibeli 98 kwa wati 1, ikipewa wati 25, ni sawa na spika ya desibeli 92 iliyopewa wati 100. Namba hiyo huandikwa kwenye vitabu vya mashine nzuri, na haiandikwi kabisa kwenye zile za taa za rangi.

Kwa watu 40 bustanini, uzoefu wangu ni kwamba wati 60 za kweli zinatosha gitaa na mwimbaji mmoja. Wati 30 zinatosha sebuleni na kwenye mgahawa wenye ukuta nyuma. Zikizidi watu 100, acha mashine ya gitaa, chomeka DI kwenye spika kubwa za ukumbi.

Je, mashine ya gitaa la umeme inafaa? Wengi wanayo tayari, na inauma kununua nyingine. Inaweza kukusaidia siku ya dharura, kwa kuwa mlango wake una omu milioni 1 na piezo inaupenda. Ila spika yake ya inchi 10 au 12 haina spika ndogo ya sauti za juu, na ikishafika hezi 5,000 hivi inakata. Nailoni ikipita humo inatoka kama imefunikwa blanketi. Afadhali mashine ya kinanda, ambayo imetengenezwa ipitishe sauti kama ilivyo. Na bora kuliko hizo ni zile zilizotengenezwa kwa gitaa kavu, zenye milango miwili, mmoja wa gitaa na mmoja wa maikrofoni. Roland AC-33 inatoa wati 30, na ukiitia betri 8 ndogo za kawaida inatoa 20 bila umeme wa ukutani. Fishman Loudbox Mini inatoa wati 60 na haifiki kilo 10. AER Compact 60 ya Wajerumani inatoa wati 60 kwa kilo 6.5, na sauti yake ni safi kupita zote nilizozigusa, lakini bei yake ni zaidi ya dola 1,000, na kwa posho za hapa utailipia kwa misimu mingi.

Mimi ningemshauri anayeanza anunue spika moja yenye mashine ndani, ya inchi 8 au 10, ya kampuni inayoandika RMS, pamoja na DI ya betri. Siku akikosa kazi ya gitaa, spika hiyo anaikodisha kwa harusi na mikutano. Mashine ya gitaa kavu haikodishwi na mtu.

Uzito nao uhesabiwe. Moto ya hapa inabeba abiria mmoja. Gitaa mgongoni na mashine ya kilo 9 mapajani, unafika. Spika ya kilo 25 inataka gari, na gari la kwenda na kurudi usiku linaweza kula nusu ya malipo yako. Kwa wenzetu wanaotoka Goma ni zaidi: pale mpaka mdogo unapita kwa miguu, na mizigo mizito hubebwa na wale ndugu wenye ulemavu wanaosukuma vigari vya magurudumu matatu, ambao nao wana haki yao. Saa za mpaka zimebadilika mara nyingi katika miaka hii. Mwaka 2020 ulifungwa kwa ajili ya korona. Mwaka 2022 upande wa Congo ulianza kufunga alasiri. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikachukuliwa na M23 na mambo yakabadilika tena. Mwanamuziki wa Goma anayepiga hapa usiku lazima ajue kabla atalala wapi, na mashine yake italala wapi. Nyepesi inalala naye.

Kwa wanaorejea na mizigo

Hili nalisema kwa sauti kubwa, kwa sababu nimeshakuta mashine tatu zimekufa kwa namna ileile. Umeme wetu ni volti 230. Marekani na Canada ni 120. Japani ni 100. Mashine iliyonunuliwa Montreal ikichomekwa ukutani Gisenyi inapokea karibu maradufu ya volti zake, na moto unaoingia ndani unakaribia mara nne. Ukiwa na bahati inakatika fyuzi. Usipokuwa nayo, unasikia "pu", unaona moshi, na transfoma imekwenda. Fundi anaweza kuizungusha upya, lakini bei yake inakaribia ya mashine.

Kabla ya kufunga mizigo, soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100-240V, badilisha plagi tu na uondoke kwa amani. Kikisema 120V peke yake, una njia mbili: iuze hukohuko ununue nyingine hapa au Ulaya, au beba transfoma ya kushusha umeme. Transfoma hiyo iwe na uwezo unaozidi ulaji wa mashine: mashine inayokula wati 60 ipewe transfoma ya 100 au zaidi. Inaongeza kilo mbili tatu kwenye mzigo, na siku utakayoisahau nyumbani ndiyo siku mwenye hoteli atakuchomekea ukutani kwa wema wake. Kutoka Ubelgiji au Ufaransa huna shida, volti ni zetu na pini mbili za duara ni zetu. Kutoka Kampala au Nairobi volti ni sawa lakini pini ni tatu za mraba, na adapta za bei rahisi zinaua waya wa ardhi.

Waya huo wa ardhi usichezewe. Mashine ikivuma, wapo mafundi wanaokata pini ya ardhi, na mvumo unanyamaza kweli. Kilichonyamaza pia ni kinga yako. Mwimbaji anayegusa maikrofoni kwa mdomo huku ameshika mashine nyingine yenye hitilafu anaweza kupigwa na umeme mpaka aanguke. Chomeka mashine zote kwenye soketi moja. Mvumo ukibaki, tumia kile kitufe cha DI kinachotenganisha ardhi ya waya wa sauti. Hicho hakigusi ardhi ya ukutani.

Kuhusu ushuru, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha kwa vitu vya nyumbani vilivyotumika vya mtu anayehamisha makazi, kwa masharti yake. Gitaa na mashine ulivyovitumia vinaweza kuingia katika orodha hiyo; mashine tatu mpya ndani ya boksi ni biashara, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakusubiri. Peleka orodha yako kwa maofisa wa mapato kabla mzigo haujafika.

Mluzi

Gitaa la nailoni ni sanduku lenye hewa, na hewa hiyo ina mlio wake, kama chupa unayoipulizia mdomoni. Mlio huo uko karibu na hezi 100, kati ya uzi wa sita na wa tano. Ubao wa mbele nao una wake, karibu na hezi 200, jirani na uzi wa tatu. Spika ikitoa mlio huo, sanduku linauitikia, pikapu inauokota, spika inaurudisha mkubwa zaidi, na hapo ndipo bustani nzima inaziba masikio. Kwa hiyo mluzi wa nailoni mara nyingi si mluzi, ni ngurumo ya chini.

Dawa ya kwanza ni ya bure: spika iwe mbele yako, ikitazama wageni, na wewe nyuma yake kidogo, pembeni. Usikubali mwenye nyumba aiweke nyuma ya mgongo wako kwa kuwa "pale inapendeza". Ya pili ni kizibo cha mpira cha tundu la gitaa; kikikosekana, kata sponji ngumu. Ya tatu, punguza besi ya 100 na ya 200 kwenye ikwalaiza, kila moja kidogo kidogo, huku ukisikiliza gitaa lisife. Kikiwepo kitufe cha kugeuza fezi, kibonyeze ulinganishe. Pengine ngurumo inaondoka yenyewe. Fika saa moja kabla, ufanye haya bustani ikiwa tupu, kisha acha akiba ndogo, maana watu wakijaa utapandisha sauti.

Lakini usipandishe kila wanapopandisha wao. Hoteli za ufukweni zina majirani, na sheria ya mazingira ya mwaka 2018 imetaja kelele waziwazi. Mwaka 2023 serikali ilitangaza baa zifungwe saa saba usiku siku za kazi na saa nane Ijumaa na Jumamosi, na kelele zilikuwa miongoni mwa sababu. Kwa mpiga nailoni hii ni neema. Mwenye hoteli anayeogopa malalamiko ya majirani anamtafuta mtu wa gitaa na mashine ya wati 60 kabla hajamtafuta mtu wa bafle nne.

Soko la kazi hii litakua. Shule ya muziki iliyoanzishwa Nyundo, hapa Rubavu, mwaka 2014 kabla haijahamia Muhanga, iliongozwa na mpiga gitaa aliyerejea: Jacques Murigande, Mighty Popo, aliyezaliwa Burundi katika familia ya wakimbizi, akaishi Canada, na mwaka 2005 akawa mmoja wa kundi la African Guitar Summit lililopata tuzo ya Juno. Vijana waliopita katika shule hiyo wanapiga katika hoteli za nchi nzima, na wengi wao wanakuja wakiwa na kipaji kikubwa na waya mbovu.

Na si gitaa tu. Wapiga inanga nao wana shida yetu ileile. Inanga ni ubao mpana wenye uzi mmoja mrefu uliozungushwa mara kadhaa, zamani wa mshipa wa ng'ombe, na sauti yake ni ndogo kuliko hata ya nailoni. Ukimsikia Sophie Nzayisenga ukumbini utafahamu kwa nini chombo hicho kinastahili kusikika mpaka meza ya mwisho. Kidonge cha milimita 27 kinakaa vizuri chini ya ubao wa inanga, karibu na ukingo, mbali kidogo na katikati ambako mtetemo ni mkubwa mno. Kibandike kwanza kwa nta laini, ujaribu sehemu tatu nne ukiwa na DI yako, na gundi uitie mwisho kabisa.